Mashine Inayoonekana Kutoka Barabarani

Haya ninayoyaleta ni ya nchi ya watu. Sisi kwetu salama, mashine zetu zote zinazunguka na viongozi wetu wote wana akili zao timamu. Kwa hiyo msomaji akifika mahali akaona kama kuna mtu anamfahamu, acheke kimoyomoyo, na ajue amefananisha tu.

Katika nchi hiyo, kitu hakikuhesabika kuwa kipo mpaka kifunguliwe. Na si kufunguliwa na yeyote tu, la hasha. Kilifunguliwa na Mfunguzi Mkuu wa Taifa, ambaye nchi nyingine zingemwita rais, lakini wao waliona neno hilo halielezi kazi yenyewe. Daraja la Mto Kiswaga lilikaa miaka miwili limekamilika na kufungwa kamba, na wananchi wakavuka kwa kuogelea chini yake, huku wakinyanyua vichwa kulisifia. Kisima cha Lukundo kilijaa maji hadi yakafurika njiani, lakini hakuna aliyetia ndoo, maana maji yalikuwa hayajafunguliwa. Msije mkawadharau. Hawakuwa wajinga, walikuwa watu wa utaratibu.

Zamani Mfunguzi Mkuu alikuwa anakata utepe kwa mkasi. Kisha kifundo cha mkono kikaanza kumuuma, madaktari wakakaa kikao, ikatoka sheria kwamba kuanzia hapo kila kitu nchini kitafunguliwa kwa kubonyeza kitufe chekundu. Zahanati zikawekewa kitufe, shule zikawekewa kitufe. Hata shamba la mihogo la mfano huko kusini liliwekewa chake juu ya nguzo; Mfunguzi Mkuu akakibonyeza, watu wakapiga makofi, na mihogo ikaruhusiwa kuendelea kukua.

*

Sasa, alikuwako mhandisi mmoja mwanamke, jina lake Sikudhani Mbwelwa, mkuu wa Karakana ya Taifa ya Vifaa vya Kusikilizia. Jina lilikuwa refu kuliko karakana yenyewe. Kilikuwa chumba kimoja cha matofali kando ya barabara kuu, chenye meza tatu, na kwenye meza hizo wanawake watatu waliinamia lenzi kutwa nzima, kila mmoja na kibanio chake, wakipachika vipande vidogo kama punje za ulezi juu ya bodi isiyozidi ukucha. Bodi hiyo ikilehemiwa vizuri na kuvikwa gamba lake, mtu akaiweka sikioni, aliyekuwa hasikii anasikia. Wakijitahidi sana walitengeneza vifaa vinne kwa wiki.

"Chafya moja tu," Mama Nyamizi, mkubwa wa wale watatu, alipenda kusema, "ni sikio la mtu hilo limepotelea sakafuni."

Daftari la wanaosubiri lilikuwa na majina elfu sita. Jina la elfu nne mia moja na kumi na mbili lilikuwa la baba yake Sikudhani.

Mzee Mbwelwa alikuwa fundi redio. Miaka thelathini na mitano alikaa kibandani kwake, na watu walimletea redio zilizokufa, naye hakuanza kwa kuzifungua. Alitega sikio kwanza, akaigonga mara moja kwa kidole, akasema, "Huyu ana tatizo la kifua," kisha ndipo akachukua bisibisi. Mtaa mzima ulijua kwamba lile sikio lilikuwa na thamani kuliko vifaa vyake vyote. Sasa sikio lenyewe ndilo hilo limezimika. Kila asubuhi aliwasha redio yake ya zamani hapo barazani, akaiwekea kiganja juu, akamuuliza binti yake, "Wamesema nini?" Sikudhani akimpigia kelele habari yote, mzee anaitikia kwa kichwa kwa adabu tu, bila kuambulia hata neno.

Mngedhani mhandisi angempitisha baba yake mlango wa nyuma. Alijaribu. Alimletea kimoja mfukoni, mzee akakitazama, akakirudisha. "Hawa elfu nne walio mbele yangu," alisema, "masikio yao ni ya udongo?" Kwa vinne kwa wiki, zamu yake ingefika baada ya miaka ishirini. Mzee alikuwa na sabini na minane.

Ndiyo maana Sikudhani aliandika barua wizarani kuomba mashine moja, ile inayookota vipande yenyewe na kuvipachika kwenye bodi, ambayo ingetoa vifaa mia nne kwa wiki na kulimaliza daftari kwa miezi minne. Barua ilijibiwa mwaka wa sita, imegongwa muhuri mwekundu wa HARAKA SANA. Ombi limekubaliwa. Kamati imeundwa. Mhandisi aliisoma barazani, akaanza kulia hapohapo, na baba yake akamuuliza nani kafa.

*

Kamati ya Kumchagua Mgavi ilikuwa na wajumbe kumi na wawili. Mwenyekiti alikuwa Bwana Mtengeti, Mkurugenzi wa Itifaki, mtu mpole, msafi, ambaye kazi yake ya miaka yote ilikuwa kupanga viti vya wakubwa. Wajumbe kumi walikuwa wasaidizi wake. Wa kumi na mbili alikuwa Sikudhani, na barua ya uteuzi ilimtaja kuwa mjumbe wa kitaalamu mwenye haki kamili ya kusikiliza.

"Na ya kusema je?" aliuliza.

"Mhandisi," Bwana Mtengeti alimjibu kwa upole, "kusema ni kazi ya wenye maswali. Wewe una majibu. Tusikupotezee muda."

Ikagawiwa fomu ya alama. Mgavi atakayepata nyingi kati ya mia ndiye atakayeileta mashine. Sikudhani aliisoma ya kwake mara mbili, kisha akaigeuza nyuma kuangalia kama kuna nyingine. Mashine kuonekana kutoka barabarani, alama thelathini. Kitufe, rangi yake, unene wake na kimo chake kulingana na kiwiko cha Mfunguzi Mkuu, alama ishirini na tano. Sauti, ishirini. Nafasi ya kutundika picha ya Mfunguzi Mkuu ubavuni, kumi na tano. Uchangamfu wa mgavi wakati wa nyimbo, nane. Kufanya kazi iliyokusudiwa, mbili.

"Mwenyekiti, samahani. Kufanya kazi ni alama mbili?"

"Zilikuwa moja," alisema Bwana Mtengeti. "Nimekupigania."

Na alikuwa amempigania kweli. Wale wasaidizi kumi walitikisa vichwa kumshuhudia, na mmoja akasema kwamba mjadala ule uliwachukua siku mbili na chakula cha mchana. Sikudhani akashukuru. Angefanyaje?

*

Siku ya wagavi kuonyesha mashine zao ilifika. Waliitwa watatu.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa makamo aitwaye Bi. Solvei, kutoka nchi moja ya baridi huko mbali. Alikuja na sanduku, akatoa mashine isiyozidi ukubwa wa cherehani mbili, akaiweka mezani. Kwa kuwa aliambiwa nchi hiyo inalima ulezi, alimwaga kiganja cha ulezi kwenye kisahani, akagusa kioo cha mashine. Mkono mwembamba wa chuma ukaanza kwenda na kurudi. Kwa muda wa mtu kunywa kikombe cha chai, punje mia tano zilikuwa zimesimama mistari kwenye bodi kama watoto wa shule mstarini. Haikupotea hata moja. Sikudhani alijikuta ameshika shavu. Alikuwa anamwona baba yake, redio imewashwa, anacheka kabla hajaambiwa wamesema nini.

Bwana Mtengeti akakohoa.

"Imeanza?"

"Imemaliza," alisema Bi. Solvei.

"Hailii?"

"Ikiwa nzima hailii. Ikilia ujue imeharibika."

Wajumbe walitazamana kwa masikitiko, kama waliokuja kuposa wakakuta binti ni bubu. Mmoja akauliza kitufe kiko wapi. Bi. Solvei akaeleza kwamba hakuna kitufe, unaparuza kioo hapa kwa ncha ya kidole.

"Mfunguzi Mkuu haparuzi," alisema Bwana Mtengeti, safari hii bila upole. "Mfunguzi Mkuu anabonyeza."

Wakatoka nje mpaka barabarani kupima ile alama thelathini. Mashine haikuonekana. Meza ilionekana. Bi. Solvei alipata alama tisa, nne zikiwa za uchangamfu, kwa sababu alipiga makofi wimbo ulipoisha bila kujua ni wimbo gani.

Mgavi wa pili aliondolewa mapema. Alipewa saa moja kujieleza akajieleza kwa dakika kumi na tano, na kamati ikaona mtu wa namna hiyo lazima ana jambo analificha.

Wa tatu alikuwa Bwana Pazi Kinguvu, wa Kampuni ya Kinguvu na Wanawe. Huyu hakuja na sanduku. Alikuja na lori la kubebea magogo, na juu ya lori kulikuwa na dude lililofunikwa kitambaa cha rangi za taifa. Kitambaa kilipovutwa, wajumbe walisema "Lo!" kwa pamoja, kumi na mmoja wote. Dude lilikuwa na mdomo mpana kama mlango wa ghala, bomba la moshi, taa arobaini za rangi, honi mbili, na ubavu mtupu uliotosha picha tatu. Mbele, kwa kimo cha kiwiko kamili, palikuwa na kitufe chekundu kikubwa kama sahani ya pilau.

Sikudhani alisogea. Chini ya rangi mpya ya buluu, herufi za zamani zilikuwa bado zinaonekana kwa mbali ukitazama kwa pembe: KOKO, na nyingine zimekwanguliwa. Mashine za namna ile alikuwa amezipita maisha yake yote kule machimboni. Ilikuwa mashine ya kuponda mawe.

Haki ya kusema hakuwa nayo, lakini alisema. "Bwana Kinguvu, hii inaweza kupachika kipande kidogo kama punje ya ulezi?"

"Dada yangu," Bwana Kinguvu alijibu akitabasamu mpaka magego, "ukubwa wa kipande usikutie presha. Hii inapokea kipande chochote."

"Ikishapokea inakifanya nini?"

"Inakizidisha! Unaingiza kimoja, vinatoka mia. Ndio uzalishaji huo, mhandisi. Wenzetu wa baridi wanaingiza mia tano, zinatoka mia tano zilezile. Sasa faida iko wapi?"

Wajumbe walicheka mpaka wakashikana mabega. Bwana Kinguvu aliiwasha kidogo tu, nusu dakika, na vigae vinne vya paa la wizara vikaanguka. Walipokwenda kupima barabarani, iliwabidi waende mpaka barabara ya pili, na bado ilionekana. Alipata alama tisini na nane. Mbili zilizokosekana, Bwana Mtengeti alieleza, walimwachia mhandisi ili asijisikie amedharauliwa.

*

Sikudhani hakulala na jambo moyoni. Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Mheshimiwa Waziri wa Viwanda, Uzinduzi na Mambo Yanayofanana na Hayo. Waziri alimpokea vizuri mno, akamwagizia chai na maandazi, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkata kauli. Wenye nchi ile hasa hawakuwa na ukali. Ukali una afadhali, unajua pa kuushika.

"Kwa hiyo ni ya kokoto," alisema Waziri.

"Ya kokoto, Mheshimiwa. Ukiitia bodi moja, hutapata hata vumbi lake."

"Najua."

Sikudhani akaweka kikombe chini.

"Mhandisi, mwanangu, nikuambie kitu wasichokufundisha huko chuoni. Sisi hapa hatununui mashine. Tunanunua siku. Ile siku moja, saa nne asubuhi, jua limetoka, bendi inapiga, Mzee ananyoosha mkono, anabonyeza, na kitu kinaitikia! Wewe unataka nimpeleke Mzee mbele ya taifa akaparuze cherehani? Watu wataona nini? Watasikia nini?"

"Watasikia, Mheshimiwa. Elfu sita watasikia. Ndiyo kazi yenyewe."

Waziri alionekana kuguswa, na nadhani aliguswa kweli, maana alimsogezea sahani ya maandazi. "Fanya hivi," alisema. "Tufungue hii kubwa kwanza. Ikishafunguliwa, mradi utakuwa upo kisheria, na mradi ukiwapo unaweza kuongezewa vifaa. Hapo nitakuletea ile ndogo kimyakimya, kama kipuri. Lakini kamati haiwezi kufunga ripoti bila saini ya mtaalamu. Ukikataa, tunaanza upya. Barua, ombi, kamati."

"Miaka sita."

"Ukiwa na bahati."

Ripoti ilikuwa pale mezani, na mahali pa kutia saini pamewekewa alama ya msalaba kwa kalamu ya risasi. Juu ya msalaba paliandikwa: *Mimi mhandisi nathibitisha kwamba kifaa hiki kinamfanya asiyesikia asikie, na kisipofanya hivyo, mwenye kuulizwa ni mimi.* Sikudhani aliisoma. Akapiga hesabu ya themanini na minne ya baba yake, na sita nyingine. Heri nusu shari kuliko shari kamili, akajisemea, akaitia saini, na Waziri akampongeza kwa uzalendo wake.

Nyinyi mngekuwa mahali pake mngefanyaje? Msiniambie. Kila mtu ni shujaa akiwa barazani kwake.

*

Dude halikuingia karakana. Ikavunjwa karakana. Wafanyakazi wa Bwana Kinguvu walikuja saa mbili asubuhi, na kufikia adhuhuri palikuwa peupe, kuna sakafu tu, na dude katikati yake. Meza tatu zilitolewa nje. Lenzi zilikanyagwa na lori wakati linarudi nyuma. Mama Nyamizi aliokota fremu moja isiyo na kioo, akaivaa hivyohivyo, akalitazama dude kwa muda mrefu.

"Debe tupu haliachi kuvuma," alisema.

"Ni kwa muda tu, mama. Wameahidi ile ndogo."

"Nani kaahidi?"

"Waziri."

Mama Nyamizi aliivua fremu akaiweka kwenye kapu lake pamoja na kibanio. "Haya mwanangu. Utanikuta nyumbani." Vile vinne vya kila wiki vikakoma siku hiyo.

*

Siku ya kufungua, jua lilitoka kama lilivyoagizwa. Bendi ilipiga. Shule zilifungwa ili watoto waje wapeperushe vibendera, na Bwana Mtengeti alikuwa amepanga viti mia nane bila hata kimoja kupinda. Kwa kuwa ilionekana vyema awepo kiziwi mmoja wa mfano, na kwa kuwa baba wa mhandisi alikuwa na kanzu nyeupe na ndevu zinazotoka vizuri kwenye picha, Mzee Mbwelwa alikalishwa kiti cha mbele kabisa, hatua tano kutoka kwenye mdomo wa dude. Alilitazama juu mpaka chini. Kisha akamtazama binti yake. Sikudhani akatazama chini.

Mfunguzi Mkuu alishuka kwenye gari lake, akatembea juu ya zulia, akanyoosha mkono. Kiwiko kilikuwa sawasawa. Akabonyeza.

Jamani. Nilisema vigae vinne, siku ile ilikuwa nusu dakika tu. Sasa dude liliwashwa kweli. Ardhi ilitikisika mpaka viti vya Bwana Mtengeti vikaanza kusogea vyenyewe. Kofia zilianguka. Mbuzi waliokuwa ng'ambo ya barabara walikata kamba na mpaka leo hawajaonekana. Taa arobaini ziliwaka, honi zikalia, moshi ukapanda, na Mfunguzi Mkuu akarudi nyuma hatua mbili huku akitabasamu, akangoja.

Alikuwa anangoja kitu kitoke. Ndivyo alivyozoea. Kisima kinatoa maji, shule inatoa watoto wakiimba. Hapa hakikutoka kitu. Tabasamu likaanza kupungua. Akamgeukia Waziri, Waziri akamgeukia Bwana Mtengeti, na Bwana Mtengeti, kijasho kinamtoka, akamnyooshea kidole Sikudhani.

Naye Sikudhani alikuwa ameshafika kwenye kipaza sauti. Hakupanga. Miguu ilimpeleka yenyewe. "Hii ni mashine ya kokoto!" alipiga kelele. "Haitengenezi kitu! Mnajua nyote! Elfu sita wanasubiri, na mmevunja karakana! Nilidanganya, nilitia saini, nisameheni!" Alisema yote, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Hakuna aliyesikia hata herufi moja. Dude lilikuwa linanguruma, na watu walioona mdomo wake ukienda na mikono yake ikienda walidhani anatoa shukrani, wakampigia makofi. Lakini vijana wawili wa usalama, waliovaa miwani myeusi, walikuwa wameelewa kile kidole cha Bwana Mtengeti. Walianza kumwendea, mmoja kulia, mmoja kushoto, taratibu, kama watu wasio na haraka.

Hapo ndipo Mzee Mbwelwa aliposimama. Alipiga zile hatua tano akaweka viganja vyake viwili juu ya chuma, akatikisika mwili mzima, kanzu ikapepea. Akageuka uso umejaa machozi, akajishika masikio, na kwa ile sauti kubwa ya watu wasiojisikia akapiga ukelele uliopenya ngurumo yote.

"NASIKIA! Wanangu, nasikia! Siku, mwanangu, nasikia!"

Mfunguzi Mkuu akaashiria dude lizimwe. Kisha uwanja ukalipuka. Akina mama walipiga vigelegele, watoto wakarusha vibendera, Waziri akamkumbatia Bwana Mtengeti, na Bwana Kinguvu akaanza kucheza bila muziki. Wale vijana wa usalama walisimama, wakarekebisha miwani, wakarudi mahali pao.

Mfunguzi Mkuu alishika kipaza sauti. "Ndugu wananchi. Mataifa mengine yanatengeneza vidude vya kutia sikioni, kila mtu na chake, kila mtu anasikia peke yake. Ubinafsi mtupu! Sisi tumejenga sikio moja la taifa zima!" Makofi. "Naagiza kwamba kuanzia leo asiyesikia asitengenezewe chochote. Aletwe hapa. Kila Alhamisi, kwa mabasi. Na kama kuna mtu ameagiza vimashine vidogo vidogo vya kuongezea, afute, maana tumeona wenyewe kwa macho yetu kwamba hakuna kilichopungua."

Waziri alifuta kitu kwenye daftari lake. Kisha likaletwa daftari la karakana, lile la majina elfu sita, likafungwa mbele ya watu wote, na Sikudhani akapewa kalamu atie saini kwamba kazi imekamilika. Alitia. Safari hii hakuna aliyehitaji kumweleza.

*

Jioni, jua bado lipo, walikaa barazani baba na binti, na redio kati yao. Sikudhani alimimina chai. Mzee Mbwelwa aliwasha redio, akaiwekea kiganja, akaiondoa, akamtazama.

"Ile ni ya kuponda mawe," alisema. "Kinguvu alikuwa nayo machimboni. Niliwahi kuitengenezea honi."

Sikudhani akainua uso.

"Sikusikia kitu, mwanangu. Nilitikisika mbavu tu. Lakini niliona mdomo wako unavyokwenda, nikawaona wale wenye miwani wanakuja. Wewe ndiye uliyetia saini, sivyo? Nikajua lazima mtu asikie, la sivyo wanakuchukua." Akacheka kidogo, amefurahi, kama zamani alipokuwa amefufua redio ya mtu. "Basi si nikasikia! Sasa watakuacha. Na wewe taratibu utatengeneza vile vidogo vyako, na mimi nitasubiri namba yangu. Ni ngapi vile? Elfu nne na ngapi?"

Sikudhani alimweleza. Alimweleza kwamba daftari limefungwa, karakana ni kifusi, Mama Nyamizi yuko kwake na fremu isiyo na kioo, na kwamba hakuna tena namba, si yake wala ya yeyote, na kwamba hata yeye kutia saini ile alitia kwa ajili yake.

Mzee akategesha kiganja nyuma ya sikio. "Eh? Sema kwa nguvu."

Akasema kwa nguvu. Akasema tena. Mara ya tatu alipiga ukelele, na majirani walitoka nje, mmoja mmoja, wakasimama milangoni kwao wakimtazama. Wote walisikia. Mzee Mbwelwa aliitikia kwa kichwa kwa adabu, akamgusa mkono, akamwambia anywe chai yake, itapoa.